Jogoo wa Mjini Anawika kwa Usipa wa Mama Hosana

Skolastika mwanangu,

Barua ya heshima huanza kwa kuuliza hali. Hali yako naijua. Nakusikia hapo nyuma ya jiko ukicheka na mama zako wadogo, waliokuja kukuaga na papo hapo kutumalizia ugali. Kwa hiyo salamu nimeziruka. Nimekaa juu ya mtumbwi uliopinduliwa, jua bado halijazama upande wa Malawi, na karatasi hizi nimezichana katikati ya daftari lako la baiolojia. Ukiona pengo, mwizi ni mimi.

Habari za sabuni, za kufunga sanduku, na za kutompa mtu usiyemjua akushikie mzigo stendi, mama yako amekwisha kuzisema, na kesho asubuhi atazirudia kama Injili ya siku. Mimi sina maagizo. Nina hasira. Na hasira yangu ina magurudumu: ni lile lori utakalopanda kesho.

Usidhani nakukataza. Gari jingine la kupanda milima mpaka Mbinga wiki hii halipo, na chuo hakimngoji mtu. Tena Mizani, mnunuzi wa samaki mwenye lori hilo, amekupa nafasi ya bure juu ya magunia yake ya usipa, dagaa hawa wa ziwa letu, akakuambia mbele yangu, akitabasamu kama fisi aliyealikwa harusini: "Soma kwa bidii, binti. Ukimaliza hiyo diploma ya mifugo, wenye kiwanda cha chakula cha kuku ni watu wangu. Kazi ipo." Wewe ukajibu, "Asante sana, baba."

Baba! Nami nimesimama pale pale. Nikamgeukia mama yako kumuuliza kwa macho kama kuna jambo ambalo miaka yote hii hajaniambia.

Siku ile nilicheka. Leo nimekaa hapa nikakumbuka magunia yale yamejaa nini, kicheko kikanikauka. Acha nianze mbali kidogo, kwa sababu mwanzoni mwake wewe ulikuwa hujaota hata jino.

Ulipozaliwa, mama yako aliumwa. Miguu ilivimba, akalazwa hospitali wiki nyingi, maziwa yakakatika. Nikabaki na wewe, mimi Mmatengo wa Ruanda, kule milimani Mbinga, niliyeteremka huku ziwani kwa kufuata mwanamke, si kwa kufuata samaki. Nilikuwa sijui lolote. Nikipanda mtumbwi, mtumbwi ulinipanda mimi. Nikishika kamba ya kokoro kusaidia kuvuta wavu, wakwe zangu walijilaza mchangani kwa kucheka. "Shemeji anavuta kama anamburuta mbuzi!" Aliyecheka kuliko wote alikuwa Mama Hosana, yule mjane jirani yetu. Akacheka mpaka akajifuta machozi na ncha ya khanga, kisha akaja, akakutoa mikononi mwangu, akakufunga mgongoni kwake.

Wakati huo ufukwe wetu ulikuwa na desturi. Kokoro likivutwa, kila aliyeshika kamba, awe mzee, mlemavu, mgeni au mlevi, hupewa viganja viwili vya samaki kabla mwenye wavu hajajaza kapu lake. Kiganja cha kamba, ndivyo tulivyokiita. Hakuna aliyeuliza umevuta kwa nguvu kiasi gani. Umeshika, unapata. Sasa Mama Hosana akafanya ujanja wake. Alikushusha mgongoni, akakunjua vidole vyako, akavibandika kwenye kamba. Kisha akamwita mwenye wavu. "Haya, wavutaji ni wawili hapa. Mimi na huyu bibi."

Mwenye wavu akakutazama. Wewe ukajamba. Akasema, "Kweli, huyu amejitahidi," akatoa viganja vinne.

Ule usipa wa ziada Mama Hosana aliukausha, akautwanga, akautia katika uji wako wa muhogo. Mifupa hiyo unayotembelea, Skola, ilitoka hapo. Uliajiriwa ufukweni kabla hujajua kukaa.

Sasa ruka mpaka likizo yako ya mwaka juzi, uliporudi na mambo ya shule ukanichorea mchangani kwa kijiti. Ulichora jua. Chini yake ukachora ule ukijani mdogo wa majini ambao macho hayauoni. Halafu vidudu vinavyoula, halafu usipa anayekula vidudu, halafu samaki mkubwa, mbasa, anayekula usipa, na mwisho mtu mwenye kitambi. Nilijua umenikusudia mimi. Katikati ukatia mishale. Nikakuambia umekosea yote.

"Mishale umeigeuza," nikasema. "Mbasa ndiye anayemkimbilia usipa. Umewahi kuona usipa akimfuata mbasa kumwomba amle?"

"Baba, mshale hauonyeshi nani anamkimbiza nani. Unaonyesha nguvu inakwenda wapi."

"Nguvu ya nani?"

"Ya jua. Wote hawa wanapokezana jua."

Nilibisha mpaka mama yako akatuita mara mbili kula. Mimi kubisha ndiko kulikonitoa shule, unajua. Mwalimu wetu wa darasa la nne alisema simba ni mfalme wa wanyama, wote huishia tumboni mwake, na yeye haliwi na yeyote. Nikanyoosha mkono. "Mwalimu, simba akifa?" Akasema, "Anakufa tu." Nikasema, "Basi analiwa na funza, mfalme ni funza." Darasa likaangua kicheko, nami nikala viboko vya kutosha simba na familia yake. Sikurudi tena. Huo ndio ulikuwa mwisho wa elimu yangu, na mpaka leo sijasikia jibu lake.

Lakini lile ulilonieleza baadaye, tukiwa tunakula, ndilo lililoniondolea usingizi. Ulisema nguvu haipiti yote. Usipa akila vidudu, sehemu kubwa ya kile alichokula anaimaliza mwenyewe kwa kuogelea, kupumua na kukimbia mbasa. Kinachobaki mwilini mwake, cha kumpa atakayemla, ni kidogo tu. Na mbasa naye vivyo hivyo. Ukatwaa debe la maji, ukamimina katika sufuria, sufuria katika bakuli, bakuli katika kikombe, kila mara ukimwaga mengi chini, mama yako akikuangalia kwa jicho la "nani atakayeyateka tena?" Mwisho ukanipa kikombe chenye maji ya kulowesha ulimi. "Huyo ndiye mlaji wa mwisho, baba. Anayekula mbali na jua anakula kidogo."

Nikakumbuka jambo nikaona aibu. Nilipooa huku, msimu ule wadudu wa ziwani walipopanda juu kama moshi wa nyumba inayoungua, bibi yako mzaa mama aliwavua hewani kwa kikapu kilicholowa, akawaponda, akawafinyanga kama mikate, akaniwekea mezani. Mimi nikakisogeza kile chakula kwa kidole. Nikasema, kwa kiburi cha mtu wa milimani, "Kwetu wadudu ndio wanaotula sisi." Watu wakacheka, mama mkwe akaondoa sahani kimya kimya. Kumbe yule mama asiyejua kusoma alikuwa anakula karibu na jua. Alikuwa ameruka foleni! Mimi nikamwona mshamba.

Utaona kosa langu ni moja linalojirudia: natia mzaha pale panapotaka akili. Mara nyingi haliumizi mtu. Mara moja liliumiza.

Ulikuwa shule wakati Mizani alipofika mara ya kwanza. Ilikuwa ile miaka ruhusa za biashara zilipofunguliwa, ushirika ukawa unakata roho, na kila mwenye gari akawa mnunuzi. Huko juu walikuja kununua kahawa shambani, huku chini wakaja kwa usipa. Sitakudanganya kuwa zamani palikuwa peponi. Enzi za ushirika tuliibiwa kwa stakabadhi. Enzi hizi tunaibiwa kwa kushikana mikono. Basi huyu akaja na mizani yake ya kuning'iniza, jina likamganda hapo hapo, na kokoro jipya refu lililoshonewa chandarua tumboni, lisiloacha hata kitoto cha samaki. Akaita mkutano pamoja na mwenyekiti wa kijiji.

"Ndugu zangu," akasema, "mimi nalipa wavutaji kwa pesa. Nawalipa wachache wenye nguvu. Lakini hii tabia ya viganja haiwezekani. Kila samaki lazima apite kwenye mizani. Kuku wa mjini wanasubiri."

Mama Hosana alikuwa amekaa mbele. Akaniangalia mimi, maana kila mtu anajua nina mdomo. Akangoja niseme.

Nikasimama. Unajua nilisema nini? Nikasema, "Mheshimiwa, tunaomba basi na sisi utuhesabu kama kuku."

Watu walicheka mpaka benchi likaanguka. Mizani alicheka. Mwenyekiti alicheka, na katika kile kicheko akasema, "Basi tumekubaliana?" mikono ikapanda, mingine bado inafuta machozi. Desturi iliyokuwapo kabla babu wa mwenyekiti hajazaliwa ilizikwa kwa utani wangu, tena utani wa wastani tu. Mama Hosana peke yake hakucheka. Alinipita mlangoni, akasema, "Shemeji, leo umevuta vizuri kweli. Umemburuta mbuzi mpaka kwa fisi."

Wewe likizo iliyopita ulishuhudia mavuno ya utani ule. Uliniambia ulimwona Mama Hosana akishuka ufukweni na mjukuu wake, akakunjua vidole vya mtoto, akaviweka kwenye kamba kama alivyoviweka vya kwako. Mizani akamwambia, "Mama, mtoto mchanga havuti. Nawe umezeeka. Sogea." Akasogea. Siku hizi anasubiri lori liondoke, halafu anachambua mchangani zile punje zilizovuja kwenye magunia. Yule mjukuu wake nywele zimeanza kuwa nyekundu, nawe umesoma, unajua nywele nyekundu kwa mtoto wetu zinasema nini.

Na usipa unakwenda wapi? Kwa kuku! Hapo ndipo damu inaponichemka. Ungekuwa unakwenda kwa watoto wa watu wengine wenye njaa, ningenung'unika kidogo, nikanyamaza. Unamwagwa mbele ya kuku aliyefungiwa ndani ya nyumba, naye anaufanyia nini? Wewe mwenyewe ulimimina debe lile. Anaupumua. Anautumia kupata joto, kugombana, kutaga kinyesi, na sehemu kubwa, nasema mimi ambaye sikusoma, inaishia katika kuwika. Huko mjini alfajiri watu wanageuka kitandani wakisema, "Jogoo huyu ana sauti!" Sauti ile ni ya Mama Hosana. Ni viganja vyake viwili vinavyopiga kelele juu ya paa la mtu. Kinachobaki kwa mlaji ni paja moja la kikombe cha mwisho, naye anamrushia paka mifupa.

Najua utakavyonijibu. Ulinijibu jana. "Baba, pesa ya Mizani ndiyo iliyolipa ada yangu." Kweli. Nilivuta kamba yake nikiwa mmoja wa wale wachache wenye nguvu, na nililipwa. Sasa hivi mwandishi wa barua hii ana shibe ya kile anachokitukana. Nakubali, na kukubali huko hakunipoozi. Kunanichoma zaidi. Mtoto mmoja amekula mpaka chuoni, mtoto mwingine anabanduliwa vidole kwenye kamba ile ile.

Sasa, chuo chako. Mwanangu amechaguliwa kwenda kusomea kuku. Nimetangaza kijiji kizima, sioni haya. Lakini usiku ule majina yalipotoka nilikumbuka mashamba ya ngoro ya mama yangu kule Ruanda, kwenye ile miteremko ambayo mbuzi mwenyewe hupanda akiomba. Mama alikuwa anafyeka majani marefu, anayalaza kwa mistari inayokatana kama dirisha la nondo, anayafukia kwa udongo, anapanda maharage juu ya matuta, na katikati ya kila dirisha anabakiza shimo la kushika maji ya mvua. Mwaka mmoja alinituma mimi. Nilikuwa na haraka ya kwenda ngomani, nikayatia moto yale majani. Kazi ya wiki ikaisha mchana mmoja! Nikarudi nimejaa masizi na sifa. Mama akautazama ule moshi, akasema neno moja tu: "Umeyapikia mawingu."

Maharage ya mwaka ule yalikuwa membamba kama ahadi, na mvua ikashusha udongo bondeni.

Nilipokusimulia habari hiyo, nilidhani nimepata mfano wa kukufunga nao kamba. Nikakuambia, "Unaona? Nguvu ikitoka lazima irudi. Nawe urudi." Ukatikisa kichwa kama mwalimu wangu, ila bila fimbo. "Hapana, baba. Nguvu hairudi. Inakwenda upande mmoja tu, inaishia kuwa joto, inapotea. Ndiyo maana jua linachomoza kila siku. Kinachozunguka na kurudi ni ile mbolea, chumvichumvi za udongo."

Sikulala. Nilikasirika kama mtu aliyeambiwa kuwa akiba yake ya miaka yote haikuwahi kuwapo. Kwamba uji wote ule, na mikono ya Mama Hosana, na kamba zote nilizovuta vibaya, vimekwenda na havirudi? Ndiyo, havirudi. Nimekubali, kwa shingo upande, lakini nimekubali. Nguvu tuliyokulisha ilikuwa ya jua, ilipita kwetu ikaingia kwako, na kesho utaimalizia kwenye kona za milima ukilishika lori. Mzazi anayedai nguvu yake arudishiwe ni mwizi anayelidai jua deni.

Ila mbolea, Skola, mbolea nadai!

Unakwenda kujifunza kuku wale nini. Siku moja utapewa kalamu upange chakula chao, na mtu mwenye tabasamu la Mizani atakuambia, "Andika dagaa, ni rahisi." Kabla hujaandika, uliza kwa sauti: huyu dagaa ametolewa kinywani mwa nani? Usiulize kwa utani. Utani ni wangu, na umeona ulikotufikisha. Uliza ukiwa umenuna, mpaka benchi lisianguke.

Nami kuku sina ugomvi naye. Kuku wa mama yako anaokota mchwa, makombo, minyoo, vitu ambavyo wewe na mimi hatuli, anatugeuzia mayai. Huyo ni ndugu, anatuletea jua lililokuwa linapotea. Ni yule anayelishwa chakula chetu ndiye mpinzani wetu mwenye manyoya. Kwa hiyo nenda ukawafundishe kuku kula tusivyovila. Wapeni mchwa. Wapeni mashudu. Fugeni funza juu ya mizoga na samadi, muwape kuku funza! Ndiyo, nimesema funza. Ukifaulu hilo, tafuta kaburi la mwalimu wangu wa darasa la nne, umwambie jibu limepatikana, na kwamba Kaspari anamsalimu kwa makalio yake yote mawili.

Nimefika hapa, na Mama Hosana mwenyewe ameingia uani. Hakunipa mimi salamu, alipita moja kwa moja. "Yuko wapi mvutaji mwenzangu?" Nikamwambia umeingia ndani kujaribu viatu. Akafungua pindo la khanga, akatoa kifurushi kidogo cha kitambaa. Usipa mkavu, viganja viwili, uliopepetwa ukabaki bila punje ya mchanga. Nikajua ameuokota wapi, na nikajua umemchukua siku ngapi.

"Mama, huo si wa mjukuu?" nikamuuliza.

"Mjukuu ameshiba leo. Huu ni wa kamba. Yule binti alishika."

Nikatafuta utani. Nilitafuta kweli, Skola, mdomo mzima. Haukuwapo.

Nimeufunga ndani ya barua hii, ndiyo maana inanuka. Kesho ukikaa juu ya yale magunia, ujue umekalia nini. Lori likianza kupanda, fungua kitambaa, utafune wote, na vichwa vyake, mmoja mmoja, usimgawie dereva. Uishe kabla ya Mbinga. Wakati huo huo mimi nitakuwa ufukweni na yule mjukuu mgongoni. Nitakunjua vidole vyake, nitaviweka kwenye kamba ya Mizani, nami nitasimama pale bila kucheka mpaka atoe viganja vinne.

Ni mimi, baba yako wa pekee, muulize mama yako,

Kaspari